Kwa nini kujumlisha tarakimu kunaishia kwenye 9 na hakufiki 27

Swali: Nafundisha hisabati darasa la sita. Tulipokuwa kwenye kanuni za kugawanyika, mwanafunzi mmoja aliuliza: kwa 3 tunajumlisha tarakimu, kwa 9 tunajumlisha tarakimu, basi kwa 27 nako tujumlishe? Tukajaribu 999: jumla ni 27, na kweli inagawanyika. Tukajaribu 1899: jumla ni 27 vilevile, lakini ukigawanya kwa 27 inabaki 9. Mwenzake akasema 27 ni 3 mara 9, kwa hiyo tukague 3, kisha tukague 9, yatosha. Nayo haikufaa. Mbona kwa 2, 4, 8 kanuni inaendelea tu, ya 16 ipo, ya 32 ipo? Tatizo la 3 ni nini, na je, kuna kanuni ya 27 ninayoweza kuwapa?

Jibu:

Mwalimu, chanzo cha tatizo hakiko kwenye 27. Kiko kwenye 10. Kila kanuni ya kugawanyika tunayoifundisha imejengwa juu ya namba tunayohesabia, na kila namba tasa ina uhusiano wake na 10. Mbili na tano zimo ndani ya 10 yenyewe, kila moja mara moja. Tatu haimo ndani ya 10. Imo ndani ya jirani yake, 9, na imo mara mbili, kwa kuwa 9 ni 3 × 3. Hizo mara mbili ndizo zinazotupa kanuni mbili za bure, ya 3 na ya 9. Ya tatu haimo, na ndiyo maana kanuni inakata hapo hapo.

Tuanze na 2, kwa sababu ndiyo nyepesi. Namba 10 ina 2 moja ndani yake, 100 ina 2 mbili, 1000 ina tatu, 10,000 ina nne. Kwa hiyo chochote kilichoko kwenye nafasi ya maelfu au zaidi kinagawanyika kwa 8 hata kabla hujakitazama, na kazi inabaki kwenye tarakimu tatu za mwisho. Kwa 16, tarakimu nne za mwisho. Kwa 32, tano. Na hivyo hivyo bila kikomo. Kila unapoongeza kipeo kimoja cha 2 unalipa tarakimu moja zaidi. Tano inafuata utaratibu uleule: 25 unatazama mbili za mwisho, 125 unatazama tatu, 625 unatazama nne.

Hapa pana mtego ambao nimeukuta kwenye karatasi za marudio, nao unastahili onyo. Kwa 8 kuna njia ya mkato: chukua tarakimu ya mamia mara 4, ya makumi mara 2, jumlisha na ya mamoja. Ni sahihi, kwa sababu 100 ikigawanywa kwa 8 inabaki 4, na 10 inabaki 2. Halafu mtu anaona mfululizo 4, 2, 1 na kuurefusha kwa 16: maelfu mara 8, mamia mara 4, makumi mara 2, mamoja mara 1. Jaribu 47,376. Kwa njia hiyo unapata 7×8 + 3×4 + 7×2 + 6, yaani 88, ambayo haigawanyiki kwa 16. Lakini 47,376 ni 16 × 2961! Kosa liko kwenye makumi: 10 ikigawanywa kwa 16 inabaki 10, haibaki 2. Weka 10 mahali pa 2, utapata 144, nayo ni 16 × 9. Mfululizo unaopendeza macho haujawa kanuni mpaka uhakikishe kila baki.

Nikiwa bado kwenye 2, kuna jambo moja la kuwafurahisha wanafunzi wako. Waandikie 2, 12, 112, 2112, 22112, 122112, 2122112. Zote zina tarakimu 1 na 2 peke yake. Ya kwanza inagawanyika kwa 2, ya pili kwa 4, ya tatu kwa 8, ya nne kwa 16, na mnyororo hauishi: kwa kipeo chochote cha 2 utapata namba ya namna hiyo yenye tarakimu idadi ile ile. Njia ya kuendelea ni hii. Chukua uliyo nayo, igawanye kwa kipeo chake cha 2. Jibu likiwa witiri, ongeza 1 mbele. Likiwa shufwa, ongeza 2 mbele. Kwa mfano 22112 ÷ 32 ni 691, witiri, basi inayofuata ni 122112. Inafanya kazi kwa sababu 100,000 ni 32 mara 3125, na 3125 ni witiri. Unachofanya ni kujumlisha witiri na witiri, au shufwa na shufwa, ili upate 2 moja zaidi.

Sasa turudi kwa 3.

Kanuni ya 9 wengi tunaifundisha bila kuonyesha inatoka wapi, na hapo ndipo maswali kama la mwanafunzi wako yanapokosa jibu. Chukua 4752. Ni 4 × 1000 + 7 × 100 + 5 × 10 + 2. Andika 1000 kama 999 + 1, 100 kama 99 + 1, na 10 kama 9 + 1. Namba yako inagawanyika sehemu mbili: sehemu ya kwanza ni 4 × 999 + 7 × 99 + 5 × 9, na ya pili ni 4 + 7 + 5 + 2, yaani 18. Tunapojumlisha tarakimu tunaitupa sehemu ya kwanza na kubaki na ya pili. Kwa 9 tuna haki ya kuitupa, maana 9, 99 na 999 zote zinagawanyika kwa 9. Kwa 3 pia. Kwa 27 hatuna haki hiyo: 999 ni 27 × 37, hiyo sawa, lakini 99 ikigawanywa kwa 27 inabaki 18, na 9 inabaki 9 yenyewe.

Tazama kilichotokea kwenye 4752. Sehemu tuliyoitupa, ukiigawanya kwa 27, inabaki 9. Jumla ya tarakimu ni 18. Tisa na kumi na nane ni 27, kwa hiyo 4752 inagawanyika kwa 27 (jibu ni 176) ingawa jumla ya tarakimu zake haigawanyiki. Kwenye 1899 mambo yamegeuka: jumla ya tarakimu ni 27 kamili, ila sehemu iliyotupwa inabaki 9, na hiyo ndiyo 9 mliyoiona. Namba 999 ilikubali kwa sababu sehemu iliyotupwa, 9 × 99 + 9 × 9, ilitokea kuwa 972, yaani 27 × 36. Ilikuwa bahati, ingawa mwishoni nitarudi kwenye bahati hiyo kwa sababu ina undugu na jambo kubwa zaidi.

Blaise Pascal, mwanahisabati Mfaransa, aliliona suala hili kwa upana katika karne ya 17. Kwenye andiko fupi lililochapwa 1665, miaka 3 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba kanuni ya kugawanyika kwa namba yoyote hupatikana kwa kufuatilia mabaki ya 10, 100, 1000 na kuendelea, na kwamba kuhesabia kwa 10 ni makubaliano ya watu tu. Tungekuwa tunahesabia kwa kizio cha 28, yaani kwa mafungu ya 28 badala ya 10, kujumlisha tarakimu kungetosha kabisa kwa 27, na pia kwa 3 na 9. Tungekuwa tunahesabia kwa kizio cha 4, kujumlisha kungefaa kwa 3 na kukataa kwa 9: tisa ingeandikwa 21, na jumla ya tarakimu ni 3. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba swali lake lingeulizwa mapema zaidi katika darasa la kizio cha 4, na lisingeulizwa kabisa katika darasa la kizio cha 28.

Kanuni ya 27 ipo, na umeshaiona ikichungulia. Kwa kuwa 999 inagawanyika kwa 27, basi 1000 ikigawanywa kwa 27 inabaki 1, kama 10 inavyobaki 1 kwa 9. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha jumlisha makundi. Kwa 4752: 4 + 752 ni 756, na 756 ni 27 × 28. Kwa 1899: 1 + 899 ni 900, inabaki 9. Kwa 1,233,306: 1 + 233 + 306 ni 540, yaani 27 × 20, basi inagawanyika. Angalia kwamba jumla ya tarakimu za hiyo ya mwisho ni 18 tu. Kwa njia ya mwanafunzi wako ingekataliwa. Na kwa kuwa 999 ni 27 × 37, makundi hayohayo yanakupa kanuni ya 37 bila gharama ya ziada, jambo ambalo wanafunzi hulipenda kwa sababu 37 haina sura ya namba yenye kanuni.

Ukitaka kwenda 81, makundi ya tatu hayatoshi, kwani 999 ina 3 tatu tu ndani yake. Hapa inabidi makundi ya tarakimu tisa. Kwa 243, makundi ya tarakimu ishirini na saba. Hii ndiyo tofauti halisi kati ya 2 na 3 uliyoiulizia: kila kipeo kipya cha 2 kinakugharimu tarakimu moja ya kuongeza, lakini kila kipeo kipya cha 3 baada ya 9 kinazidisha urefu wa kundi mara tatu. Moja, tatu, tisa, ishirini na saba. Kwa 2 unajumlisha, kwa 3 unazidisha.

Sababu yake inahitaji mstari mmoja wa aljebra, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuufuata. Chukua A kuwa 10, au 1000, au kipeo chochote cha 10. Basi A³ − 1 = (A − 1)(A² + A + 1). Kwa kuwa A ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, A² nayo inabaki 1, kwa hiyo A² + A + 1 inabaki 3. Namba inayobaki 3 kwa 9 inagawanyika kwa 3 lakini si kwa 9. Kwa maneno mengine, ukirefusha kundi mara tatu unaongeza 3 moja, haipungui na haizidi. Kutoka 9 kwenda 999, moja. Kutoka 999 kwenda 999,999,999, moja nyingine. Na hapo A² + A + 1, yaani 1,001,001, ni 3 × 333,667. Ndiyo maana 999,999,999 ni 81 × 12,345,679. Ndiyo, ile namba maarufu isiyokuwa na 8 katikati. Ukigawanya 1 kwa 81 unapata desimali inayojirudia kila baada ya tarakimu tisa: 0.012345679012345679… Urefu wa kujirudia kwa desimali na urefu wa kundi ni kitu kimoja. Moja kwa 27 ni 0.037037037…, tarakimu tatu.

Je, kuzidisha huku ni tabia ya 3 peke yake? Hapana, na hili ndilo ningependa ulibebe. Namba tasa zisizokuwemo ndani ya 10, karibu zote zinafanya hivyo. Saba inahitaji makundi ya sita, kwa kuwa 999,999 ni 7 × 142,857 na hakuna namba ya 9 tupu iliyo fupi zaidi inayogawanyika kwa 7. (Kuna njia ya makundi ya tatu ukipokezana kujumlisha na kutoa, kwa kuwa 1001 ni 7 × 11 × 13.) Ukitaka 49, sita inazidishwa kwa 7: makundi ya arobaini na mbili. Kumi na moja inaridhika na kupokezana tarakimu moja moja, jumlisha, toa, jumlisha, kwa sababu 10 + 1 ni 11. Kwa 121 unapokezana makundi ya tarakimu kumi na moja. Desturi ni hiyo: kipeo cha pili cha namba tasa kinarefusha kundi kwa kulizidisha na namba tasa yenyewe.

Kwa hiyo ukitazama vizuri, cha ajabu ni kwamba 9 inafuata kanuni ya 3. Kwa desturi, 3 ikihitaji kundi la tarakimu moja, 9 ingehitaji la tatu. Ilipewa bure, kwa sababu tu jirani wa 10 ametokea kuwa mraba. Wataalamu wa namba wametafuta namba tasa nyingine zenye bahati hii katika kizio cha 10, ambapo kundi la namba tasa linatosha pia kwa mraba wake. Zinazojulikana ni tatu: 3, 487 na 56,598,313. Desimali ya 1 kwa 487 inajirudia kila baada ya tarakimu 486, na desimali ya 1 kwa mraba wa 487, yaani 237,169, nayo inajirudia kila baada ya 486, badala ya kurefuka mara 487. Mwanafunzi wako alishangaa kwa nini 27 haifuati 9. Mshangao unaostahili zaidi ni kwa nini 9 inafuata 3.

Sasa yule mwenzake aliyesema tukague 3, kisha 9. Kosa lake ni la kawaida sana, na halihusu 3 peke yake. Anayekagua 24 kwa kukagua 4 na 6 anafanya kosa hilohilo: 12 inapita kwa 4, inapita kwa 6, na haigawanyiki kwa 24. Sababu ni kwamba 4 na 6 zote zinaitumia 2 ileile. Ukikagua 4 umehesabu 2 mbili, na 6 inadai moja kati ya hizo hizo, haidai ya tatu. Kukagua 3 baada ya kukagua 9 hakuongezi taarifa yoyote, kwa kuwa kila kinachogawanyika kwa 9 kilishagawanyika kwa 3. Utaratibu ulio salama ni kuivunja namba katika vigawo tasa, kukusanya kila namba tasa pamoja na kipeo chake chote, na kukagua kila fungu peke yake. Ishirini na nne ni 8 × 3: kagua 8, kagua 3. Sabini na mbili ni 8 × 9. Mia tatu na sitini ni 8 × 9 × 5. Fungu la namba tasa moja huwezi kulikata vipande, na 27 lote ni fungu moja.

Kinachofanya mafungu tofauti yasigombane ni kauli aliyoithibitisha Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya 30 katika kitabu chake cha saba: namba tasa ikigawanya zao la namba mbili, basi inagawanya mojawapo. Gauss, mwanahisabati Mjerumani, aliikamilisha mwaka 1801 kwa kuthibitisha wazi kwamba namba huvunjika katika namba tasa kwa njia moja tu. Kwa vipeo kauli ya Euclid haisemi hivyo. Namba 27 inagawanya 9 × 6, lakini haigawanyi 9 wala 6; kila mmoja kachangia sehemu. Ndiyo maana pia mwanafunzi anayesema «mraba wa n ukigawanyika kwa 12, basi n inagawanyika kwa 12» anaangushwa na 6, ambayo mraba wake ni 36. Kauli hiyo inasimama pale tu ambapo kila namba tasa kwenye kigawo imetokea mara moja, kama 6, 10 au 30.

Kwa matumizi ya darasani, makundi ya tatu tatu yanatosha kwa 27, lakini kuna njia ambayo mimi naipenda zaidi kwa darasa la sita, kwa sababu haihitaji kukariri kitu kipya. Jumlisha tarakimu, zikikubali kwa 9, gawanya namba kwa 9, kisha jumlisha tarakimu za jibu. Jibu likigawanyika kwa 3, namba ya mwanzo inagawanyika kwa 27. Likigawanyika kwa 9, inagawanyika kwa 81. Kwa 1899 ÷ 9 tunapata 211, jumla 4, inakataa. Kwa 4752 ÷ 9 tunapata 528, jumla 15, inakubali kwa 27 na kukataa kwa 81. Kwa 1,233,306 ÷ 9 tunapata 137,034, jumla 18, kwa hiyo inafika 81.

Na kuhusu ile bahati ya 999: mwanafunzi wako hakukosea kabisa. Kuna ukoo mmoja wa namba ambako kanuni yake ni kweli, kwa 27, kwa 81, kwa kipeo chochote cha 3. Ni namba zilizoandikwa kwa tarakimu 1 tupu. Kutokana na hesabu ya A³ − 1 hapo juu, namba yenye tarakimu 1 zipatazo k ina 3 nyingi ndani yake kadiri k yenyewe ilivyo nazo, wala si zaidi. Namba 111 inagawanyika kwa 3, na 111,111,111 kwa 9 lakini si kwa 27. Mpe daftari lenye mistari mipana aandike 1 mara ishirini na saba, jumla ya tarakimu 27, kisha aikate tatu tatu: makundi tisa ya 111, jumla 999.